Nguo Haitoki na Uzi

Ukitaka kumkasirisha mama yangu mdogo, mwambie amepoteza nguo yako. Nimeona mtu akijaribu mara moja tu. Mteja yule alifoka kuhusu soksi yake mpaka majirani wakatoka nje, kisha akaikuta mfukoni mwa suruali aliyokuwa ameivaa mwenyewe. Aliomba radhi mara tatu, na tangu siku hiyo hupita upande wa pili wa barabara.

Mama Mdogo ni dobi. Amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na sita kwenye masinki ya saruji yaliyo nyuma ya kituo cha mabasi, na hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake. Shule aliingia siku nne, ya tano akaitwa nyumbani kulea mtoto, na habari ya kusoma ikaishia hapo. Hawezi kuandika jina la mteja. Badala yake ana nyuzi. Kila mteja ana alama yake ndani ya kola au kwenye pindo: mishono miwili myekundu ni mwalimu wa hesabu, msalaba wa kijani ni nyumba ya wageni, nukta tatu za bluu ni yule kinyozi anayejifanya daktari. Kwa ajili hiyo watu wote humwita Mama Nyuzi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba nyuzi zile hazishiki nguo tu. Mwekee kidoleni alama aliyoishona miaka tisa iliyopita kwenye suruali ambayo mwenyewe hakuja kuichukua, atakwambia ilikuwa ya nani, ilikuja na doa gani, na mwenyewe alisema nini siku ya kuileta. Uzi ukimgusa, maneno yanarudi. Uzi usipokuwepo, au ukishachomolewa kwenye nguo, yeye ni msahaulifu kama mimi na wewe.

Na nyuzi hizo zina sheria. Siku nguo inapokuwa tayari, inawekwa kwenye meza ya kutokea, na kabla haijakunjwa uzi unachomolewa. Nguo haitoki na uzi. Hakuna mteja anayetaka kuvaa alama ya dobi kwenye harusi ya dada yake. Aliyewafundisha wote sheria hiyo ni Bibi, ambaye si bibi yetu wa damu, ila ni mkubwa wa pale masinkini na hakuna anayepakumbuka pale bila yeye. Macho yake yamefifia, vidole havijafifia. Kila nguo ya meza ile hupita mikononi mwake: anapapasa, anachomoa uzi, anapiga pasi ya mkaa. Liweke moyoni hilo, maana lilikuja kutugharimu.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Mama alipotangulia mbele ya haki, Mama Mdogo alinichukua, na sabuni yake ndiyo iliyonisomesha mpaka nikawa karani wa baraza la mji. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao. Miaka kumi na mmoja nimekaa pembeni ya meza ndefu nikiandika waheshimiwa wamesema nini, kwa ukamilifu, pamoja na vichekesho vyao. Wananchi wanapopewa nafasi, kuna sentensi moja niliyokuwa nayo tayari: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Nimeiandika mara nyingi hata mkono ulikuwa unaijua wenyewe. Chini ya sentensi ile nimezika maneno ya watu wengi, na sijivunii.

Sasa, ukumbi wetu una kanuni. Anayeleta hati anasikilizwa kwa niaba ya wote waliomtuma. Asiye na hati anasema la kwake tu, dakika mbili, kengele inalia, anakaa. Na vikao vya kusikiliza maoni hufanyika Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo kila anayefua ana mikono ndani ya maji. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo kwa ubaya. Ndiyo maana ilidumu.

Lile tangazo nililibandika mimi mwenyewe kwenye ubao wa baraza. Lilisema eneo la masinki linapendekezwa kuwa maegesho ya magari, na jopo la watu saba litasikiliza maoni. Nikakaa nalo kifuani wiki mbili na nusu. Nilijiambia nitafute wakati mzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga: nilishaona vikao vingi, nilijua mwenye faili nene hushinda, na sikutaka kumwona mama yangu akikalishwa kwa kengele. Nilikwenda kwake zikiwa zimebaki siku tano.

"Mama Mdogo, wanataka pale mnapofulia pawe maegesho ya magari."

Aliendelea kukamua shati. "Nani wanataka?"

"Baraza. Yaani bado hawajaamua. Wanasikiliza maoni Jumanne."

"Tangazo limetoka lini?"

Nikakohoa. "Wiki mbili na nusu."

"Lilibandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Hongera, mwanangu," akasema. "Naamini gundi ilishika vizuri."

Nikamwambia nitawaandikia barua nzuri, watu wote arobaini na wawili wa pale waweke dole gumba, yaishe. Alitikisa kichwa. "Ukiandika wewe, watakusikia wewe. Mimi najua unavyoandika watu. Maoni mbalimbali." Nilikuwa nimewahi kumsomea kumbukumbu zangu kwa majivuno, nikadhani amesahau.

Jioni ile alipasha pasi akaniamuru nimsomee kitabu cha kanuni tangu ukurasa wa kwanza. Nilisoma, yeye anapiga pasi. Nilipofika penye hati, akaniuliza kama ni lazima iwe karatasi. Nikaangalia vizuri: hati, au kumbukumbu nyingine yoyote inayoweza kuwekwa mezani.

"Shuka linawekwa mezani," akasema.

Kwenye kifungu cha kumi na tisa alinisimamisha tena. Kilisema jopo linaweza kuhamia mahali walipo watoa maoni, mjumbe mmoja akiomba na mwingine akimuunga mkono.

"Kimewahi kutumika?"

"Hakijawahi."

"Basi bado kipya," akasema, akageuza kola.

Siku nne zilizofuata alizunguka na shuka jeupe begani na sindano kwenye kilemba. Alikaa na kila mmoja, huyu akisuuza, yule akianika. Alisikiliza mpaka mtu amalize, kisha akashona alama ya mtu huyo, rangi anayoitaka mwenyewe. Bwana Wanga, fundi wa kunyoosha kola ambaye hutembea wima kama amejitia wanga yeye mwenyewe, alidai uzi wa dhahabu na akapewa wa njano. Wengine walisema mengi, wengine neno moja. Walioanza kwa "mimi sijui kusema" ndio waliochukua muda mrefu kuliko wote.

Bibi peke yake alikataa. Hakungoja hata aelezwe shuka ni la nini.

"Mimi sina neno. Nimefua hapa tangu wazazi wenu hawajaoana, sijaitwa kusema. Nianze leo, na meno yamekwisha?"

"Lolote tu, Bibi."

"Niletee nguo za kunyoosha."

Kwa hiyo zikawa nyuzi arobaini na moja, pamoja na wa Mama Mdogo mwenyewe. Jumatatu jioni alinionyesha. Alipitisha vidole juu ya shuka lile akanisomea lote, mtu kwa mtu, bila kukwama, na pale kwenye wenye kubishana alibishana kwa sauti zao. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kujisikia hivyo.

Jumanne nilifika masinkini saa tatu kumsindikiza. Alikuwa ameliacha shuka kwenye meza safi kuliko zote, asije akalichafua, akaenda kuvaa gauni lake la heshima. Meza safi kuliko zote pale ni meza ya kutokea. Tulipoifikia, Bibi alikuwa anamalizia kona ya mwisho kwa pasi. Shuka lilikuwa jeupe. Miguuni pake palikuwa na kifungu cha nyuzi za rangi zote.

"Tayari," Bibi akasema. "Nimelitia na wanga. Nadhani ni la nyumba ya wageni, lilikuwa na alama za watu wote wa dunia. Huwezi kumrudishia mteja shuka la namna ile."

Mama Mdogo aliinama, akaokota zile nyuzi, akazishika tu. Hakusema kitu, na Bibi, ambaye macho hayamsaidii, akasikia ule ukimya.

"Nimefanya nini?"

"Umefanya kazi yako, Bibi."

"Zilikuwa za nini?"

"Za watu. Maneno yao."

Bibi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi. Mama Mdogo alimshika bega, akalikunja shuka, akaniambia tutachelewa. Njiani nilimwuliza tutafanya nini, akanijibu kwamba alikuwa anafikiri na mimi nilikuwa nampigia kelele.

Ukumbini jopo lilikuwa limekaa. Wa kwanza kuitwa alikuwa msemaji wa wenye magari, bwana mmoja mnene, mpole, tunayemwita Bwana Faili. Haki yake nitampa: hakuwa mtu mbaya, na shida yake ilikuwa ya kweli. Magari yanaziba njia ya kwenda hospitali, na mwezi ule gari la wagonjwa lilikuwa limekwama mara mbili. Alisoma kurasa thelathini. Waheshimiwa waliitikia kwa vichwa kila alipogeuza ukurasa.

Kisha akaitwa Mama Nyuzi, dobi. Alitembea mpaka mezani, akalitandaza shuka.

"Waheshimiwa, jana shuka hili lilikuwa na maneno ya watu arobaini na mmoja. Leo asubuhi yametolewa. Aliyeyatoa hakukosea, alifanya kazi yake."

Watu walicheka. Bwana mmoja nyuma aliuliza lilifuliwa kwa sabuni gani. Mimi nilitazama kalamu yangu.

"Basi, mama," Mwenyekiti akasema kwa upole wa mtu mwenye haraka, "tuambie unayoyakumbuka."

"Maneno nayakumbuka. Nisichokuwa na hakika nacho ni lipi ni la nani. Nikibahatisha, nitampa mtu neno la mwenzake. Kwetu sisi kumpa mtu nguo ya mwenzake ni kosa kubwa kuliko kuichana."

Kicheko kiliisha. Alingoja kidogo, akaendelea. "Lakini wenyewe wapo. Saa hizi wako kazini, dakika kumi kwa miguu kutoka hapa. Wangekuwa hapa kama kazi ingefanyika hapa. Naomba karani asome kifungu cha kumi na tisa."

Kengele ikalia.

"Muda umekwisha, mama. Tunashukuru."

Hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa mwanamume wa maana. Karani hasemi kikaoni asipoulizwa, nami nilikuwa mtii kwa miaka kumi na mmoja. Niliyemsikia ni mjumbe wa kiti cha mwisho, mkunga mstaafu, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kusema zaidi ya "naafiki", hata sisi makarani tukampa jina la Mheshimiwa Kimya.

"Mwenyekiti, na mimi naomba kifungu kisomwe."

Nikasimama, nikakisoma. Nilikisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Nilipomaliza, Mheshimiwa Kimya akasema anaomba jopo lihame. Nani anaunga mkono? Waheshimiwa walichunguza kucha zao. Kisha mhandisi wa jopo akainua mkono.

"Mimi naunga mkono. Eneo hili nimeliona kwenye ramani tu."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. "Kule kuna maji."

"Kuna na lile koti lako jeupe, Mheshimiwa," Mama Mdogo akasema. "Limekauka tangu jana. Utalichukua ukifika."

Safari hii ukumbi ulicheka naye. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akasimama, na baraza likatoka nje kwa mara ya kwanza katika historia yangu ya ukarani, na faili zake na kengele yake. Kengele tuliisahau mlangoni kwa mlinzi, na hakuna aliyerudi kuifuata.

Kule masinkini waheshimiwa walikalia mabeseni yaliyopinduliwa. Mimi nilisimama, daftari juu ya ubao wa kupigia pasi. Mama Mdogo aliwaambia wenzake maneno machache: shuka limetoka bila nyuzi, kila mtu aseme lake mwenyewe, na asiache kazi kama hawezi kuacha. Wengi walisema huku mikono ikiwa majini, na nadhani ndiyo maana walisema vizuri.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema hakuna mwajiri mwingine mjini anayemwajiri mtu na mtoto wake kwa pamoja, sinki halijali. Bwana Wanga alizungumzia kola, akarudi kwenye kola, na katikati ya kola zile akasema jambo la kweli kabisa: hospitali yenyewe, ambayo njia yake inatafutwa, mashuka yake yanafuliwa hapa. Dobi mmoja kiziwi alisema kwa mikono, na shemeji yake akatufikishia sauti. Alisema amefua hapa miaka minane na hajui kama kuna mtu wa baraza aliyewahi kumtazama usoni mpaka leo. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akimtazama shemeji akageuka akamtazama yeye.

Kisha akasimama binti mmoja mrefu wa sinki la nane. "Mimi sipapendi hapa," akasema.

Watu waligeuka. Bwana Faili aliinua kichwa.

"Hakuna choo. Hakuna paa, mvua ikinyesha tunafua mara mbili. Sisemi patolewe, wala sitasema pazuri kwa sababu wageni wamekuja. Nilimwambia hivyo Mama Nyuzi."

"Alisema," Mama Mdogo akajibu. "Zambarau, mshono mmoja mrefu. Nililishona lilivyo."

Mwenyekiti alimtazama mama yangu kwa muda. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba huyu mwanamke alikuwa amekuja ukumbini kwake na neno la kumpinga yeye mwenyewe, limeshonwa, na angelisoma.

Bwana Faili akaomba kuuliza. Alisema yote haya ameyasikia na yamemgusa, ila gari la wagonjwa nalo lina haki, na magari lazima yatoke barabarani yaende mahali. Hakuna aliyembeza. Mimi niliogopa kwamba tumefika mwisho wa maneno na faili bado ni nene.

"Mimi sina neno," sauti ikatoka nyuma ya meza ya kutokea. "Nina jambo ninalolijua. Sijui kama linahesabiwa."

Alikuwa Bibi. Alisimama ameshika meza. Mama Mdogo akamwambia linahesabiwa.

"Hapa, kabla ya masinki, palichimbwa mtaro. Mkubwa, mtu anapita ameinama. Maji yote ya mvua kutoka kule juu hospitalini yanapita humo. Uliwekwa matofali, ukafunikwa, majani yakaota. Sisi wasichana ndio tuliobeba mchanga."

Mhandisi alifungua ramani juu ya goti. "Ramani haionyeshi mtaro, Bibi."

"Ramani haikubeba mchanga."

Akaomba mkono. Mama Mdogo alimpeleka mpaka sinki la tatu, na kutoka pale Bibi akahesabu hatua kwa sauti, akasimama kwenye ya kumi na nne, akaomba fagio. Alifagia udongo, akapiga kwa mpini, akasogea kidogo, akapiga tena. Sauti ikabadilika. Madobi wanne na mheshimiwa mmoja waliondoa udongo kwa mabeseni mpaka pete ya chuma ikaonekana, wakavuta pamoja. Mhandisi alilala kifudifudi na suruali yake ya kazi za ofisini, akamulika kwa simu. Alipoinuka, magoti yalikuwa matope matupu na uso umebadilika.

"Matofali ni ya zamani mno," akasema. "Masinki yamekaa pembeni, ndiyo maana yamesimama. Tukiweka magari juu, tutakuwa na shimo. Na mvua ikinyesha, maji yatarudi hospitalini."

Bwana Faili alifunga faili lake. "Basi magari yetu hayawezi kukaa hapa," akasema, na ninamheshimu mpaka leo kwa kulisema yeye, kabla hajaambiwa.

Yule binti wa sinki la nane akauliza kwa nini yasiwekwe nyuma ya ghala la zamani la mbao, anapita pale kila asubuhi, hapana kitu ila paka. Bwana Faili alisema hajawahi kupafikiria. Mhandisi alisema ardhi ya pale ni ngumu. Wakaanza kuzungumza wote watatu kwa pamoja, nami nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Kura ilipigwa wiki iliyofuata: sita kwa mmoja, na huyo mmoja hupinga hata muda wa chai. Masinki yalibaki. Paa na choo viliamuliwa siku hiyohiyo, na sasa vipo, nimevitumia vyote viwili. Magari yako nyuma ya ghala na gari la wagonjwa linapita. Na kanuni ikabadilishwa: jambo likiwagusa watu wa mahali fulani pa kazi, jopo linawafuata palepale, na neno la mdomo lina uzito sawa na hati, na karani ataliandika kwa mwenyewe aliyelisema.

Lakini ushindi wenyewe, kama unaniuliza mimi, haukuwa kura. Ulikuwa kikao cha kuthibitisha kumbukumbu. Hiki kiliwekwa saa kumi jioni, kwa ombi la madobi, nao wakaja wote, mikono imenyauka kwa maji, wakajaza viti vya mbele ambavyo siku zote hukaliwa na watu wa suti. Kumbukumbu zangu zilikuwa na kurasa hamsini na tatu. Mwenyekiti alizipima kwa mkono.

"Nadhani tuchukulie zimesomwa," akasema.

"Zisomwe," akasema Bibi kutoka kiti cha kwanza.

Zikasomwa. Saa moja na dakika ishirini nilisimama nikisoma watu arobaini na wawili, mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Kila nilipofika kwa mtu, alinyooka kwenye kiti. Bwana Wanga alisikiliza kola zake zote kwa macho yaliyofumbwa. Shemeji alimfikishia dobi kiziwi maneno yake mwenyewe, naye akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndivyo. Nilipofika kwa Bibi, nikasoma hatua kumi na tatu.

"Kumi na nne," Bibi akasema.

Nikatoa kalamu, nikasahihisha mbele ya waheshimiwa wote, nikasoma upya. Mama Mdogo aliyekuwa kando yake alikuwa analia waziwazi bila kujifuta, na mimi niliendelea kusoma kwa sababu ningenyamaza ningelia pia.

Lile shuka lilishonwa tena. Kila mtu alikuja akarudishiwa alama yake, na safari hii Bibi alikaa akashonewa ya kwake: mishono kumi na minne, nyeusi, kwenye kona. Sasa ndilo kitambaa cha meza ndefu ya ukumbi wetu, na waheshimiwa huweka viwiko vyao juu ya maneno ya madobi wakitaka wasitake. Kila mwezi nalipeleka masinkini lifuliwe. Linakauka, linawekwa kwenye meza ya kutokea, na Bibi analipapasa kama nguo nyingine yoyote, pindo kwa pindo, kona kwa kona, nami husimama pale nimeshika pumzi hata sasa. Anafika mwisho, anachukua pasi, ananikabidhi. Hajachomoa uzi hata mmoja.